Stendi ya Mzee Tulia

Mtaa mzima ulimwita Mzee Tulia, na jina hilo hakulipata kwa upole. Alilipata kwa neno alilolipiga kelele kwenye kila harusi, miaka nenda miaka rudi, kabla ya kubonyeza kamera: "Tulia!" Bwana harusi akatulia, wakwe wakatulia, hata watoto waliojaza keki mdomoni wakatulia, naye akapiga mara moja tu. Wapiga picha wengine walipiga kumi wakachagua moja. Yeye alipiga moja akaenda kula. Watu walisema mkono wake ni wa jiwe, naye hakuwahi kuwakanusha. Unyenyekevu ni kitu kizuri, ila yeye hakuwahi kupata nafasi ya kuufanyia mazoezi.

Nyuma yake kidogo, upande wa kushoto, alisimama mkewe ameinua taa. Ndiyo maana huyu naye walimwita Mama Taa. Alijua kuinamisha taa kabla hajaambiwa, alijua kumfuta bibi harusi jasho bila kumharibia poda, na kwa kulitazama tu bega la mumewe alijua ni lini kidole kitabonyeza. Kazini hawakugombana hata siku moja. Ugomvi wao waliutunza wakaenda nao nyumbani, ambako ulikuwa na nafasi ya kujinyoosha.

Kisha mkono wa kulia wa mzee ukaanza kutetemeka.

Ulianza kidogo, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. Picha ya kukata keki ikatoka na ukungu, mzee akailaumu kamera. Akabadilisha kamera, ukungu ukabaki palepale. Akailaumu lenzi, akaulaumu umeme, mwisho akamlaumu Mama Taa na taa yake, na Mama Taa akaikubali lawama ambayo si yake. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika ndoa ile, na hapo ndipo mzee alipojua kwamba mkewe ameshaona. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akampa dawa za kupunguza, si za kuondoa. Mzee akafunga studio, akawaambia watu kuwa amechoshwa na manukato ya harusi, akautia mkono mfukoni, na mkono ukahamia huko moja kwa moja.

Nyumba nzima, yaani watu wawili, ikakubaliana bila kikao kwamba mkono ule haupo. Chai ilimiminwa nusu kikombe. Mashati yenye vifungo vidogo yalishuka chini kabisa ya kabati, ya kuvalia kichwani yakapanda juu. Kijiko kikianza kugonga sahani, Mama Taa aliongeza sauti ya redio. Mficha maradhi kilio humfichua, ndivyo walivyosema wahenga, na Mama Taa alikuwa akiipenda sana methali hiyo kila alipowashauri majirani.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomuuma, nalo tuliseme bila kuzunguka. Mzee Tulia hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa mtu wa kushika mkono. Akivuka barabara aliushika mkono wa mkewe, akisikiliza habari aliushika, na akilala aliushika vilevile, kama mtu aliyeachiwa amana. Sasa alivuka barabara amejitenga upande wake. Kitandani alihamia ukutani, ili mkono mbaya ulale na ukuta. Mwaka ulikuwa unakatika Mama Taa hajashikwa mkono, na yeye, mwanamke ambaye mdomo wake ungeweza kumjibu hakimu, hakujua ombi la namna ile linaanzia kwenye neno gani.

Jioni walikuwa wakipanda kwenye paa la jengo lao, paa bapa lenye matangi ya maji na kamba za nguo, kupunga upepo. Jioni moja, giza ndio kwanza limeingia na nguo za majirani zimeshaanuliwa, mzee aliinua kidevu.

"Hebu waone wale," akasema.

"Akina nani?"

"Kilimia, kile kishada cha nyota. Wamebanana kama ukoo kwenye picha ya pamoja. Na kama kawaida ya ukoo, kuna mmoja kajificha nyuma ya mwenzake." Akaendelea kuwaangalia. "Nimepiga familia zote za mji huu. Hawa sijawahi kuwapiga."

Mama Taa aliogopa hata kumeza mate, asije akaliswaga neno lile likarudi lilikotoka. Tangu studio ifungwe, mzee hakuwa ametamka lolote kuhusu kupiga picha, na hapa amelitamka mwenyewe, kwa hiari yake, bila kuchokozwa.

Juu ya kabati lao kulikuwa na darubini. Aliileta mkwe wao, mume wa binti yao, siku alipokuja nyumbani mara ya kwanza, kwa sababu aliambiwa baba mkwe anapenda lenzi. Ilikuwa fupi na nene kama chupa ya chai, na tangu siku hiyo ilikaa chini ya kitambaa cha kufuma ikiwa imebebeshwa ua la plastiki. Kamera nayo ilikuwapo. Kilichokosekana, Mama Taa aliwaza, ni cha kuzishika zote mbili zisicheze. Asubuhi akajifunga mtandio akaenda kwenye duka la miwani.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine kichwani, na mara nyingi alikuwa akiitafuta ya tatu. Miwani ndiyo iliyomlisha. Lakini kona moja ya duka alikuwa ameijaza darubini, na kona hiyo aliipenda kuliko kona zote tatu zilizobaki.

"Shikamoo mama. Macho yanasumbua?"

"Marahaba mwanangu. Macho mazima, naona hata wale wasiotaka kuonwa. Nataka kitu cha kushikia darubini. Mzee wangu anataka kuzipiga nyota picha."

Mwenye duka akaiweka chini miwani aliyokuwa akiifuta. "Keti mama, keti. Watu wote huja hapa wakitaka darubini kubwa, kubwa, kubwa. Stendi wanaikumbuka wakishalia. Wewe umeanzia pale wenzio wanapoishia."

Mama Taa akakaa, akajiona mwerevu.

Mwenye duka akamweleza. Mwanga wa nyota ni haba, kwa hiyo kamera lazima ikae imefumbua jicho kwa muda, dakika nzima au zaidi, iunywe taratibu. Tabu ni kwamba dunia inageuka na sisi tuko juu yake, hivyo katika muda huo nyota zinasogea, na kamera iliyosimama tuli itazipata kama michirizi. Stendi ya harusi inashika tu. Stendi ya nyota inashika na kufuata.

"Ninazo za aina mbili," akasema, akizigonga moja baada ya nyingine kama mtu anayeonyesha mafenesi. "Hii nzito ina mota. Inazifuata nyota yenyewe. Na hii nyepesi haina mota, ina kitasa hiki hapa, unakizungusha kwa vidole, polepole kama mshale wa saa. Mtu mwenye mkono mtulivu anapata nayo picha nzuri ajabu, na raha yake anajua ni kazi ya mkono wake. Mkono wa mzee ukoje?"

Lilikuwa swali la kawaida, kama fundi viatu anavyouliza mguu namba ngapi. Jibu lilikuwa kinywani mwa Mama Taa, limeshafika kwenye meno. Lakini wakati uleule kikampanda kiburi cha mke, ambacho ni kibaya kuliko kiburi cha mwenye sifa mwenyewe.

"Mwanangu, wewe uliolewa mji huuhuu?"

"Ndiyo mama."

"Picha alikupiga nani?"

"Mzee Tulia."

"Basi."

Mwenye duka akashika mashavu. "Ndiye mzee wako? Yule? Picha moja akaenda kula?" Akaisukuma pembeni ile ya mota kana kwamba imemkosea adabu. "Basi hata nisingeuliza. Chukua hii ya kitasa."

Mama Taa akaichukua. Njiani alijua kabisa amefanya nini. Lakini kusema mkono wa mume wangu unatetemeka, mbele ya mtu ambaye picha yake ya harusi inaning'inia sebuleni, kwake kulikuwa sawa na kumvua mzee shati barabarani. Akajiambia kwamba giza litasaidia, na kwamba nyota ni ndogo, labda hazitaonyesha.

Mzee aliizunguka stendi akiikagua, mkono mmoja mfukoni. Alipofika kwenye kitasa alisimama.

"Hii ni kazi ya mkono," akasema.

"Ndiyo."

"Vizuri."

Basi hao ndio watu wenyewe. Mmoja alitakiwa kusema siwezi, mwingine alitakiwa kusema najua huwezi, na wote wawili wakasema vizuri.

Jioni ile paa lilikuwa tulivu, hata kamba za nguo hazikutikisika. Walifunga darubini juu ya stendi, kamera nyuma ya darubini, wakaitafuta Kilimia wakaipata. Mzee akarudi nyuma hatua moja, akavuta pumzi, na kwa mazoea ya umri mzima akaziamrisha nyota: "Tulia!" Na Mama Taa, kwa mazoea yaleyale, akainua tochi yake kubwa akaimulika mbingu.

"Mama Taa! Unamulika nini?"

"Hao wa kwako."

"Na taa yako inafika?"

Mama Taa akaitazama tochi, akaitazama Kilimia, na kicheko kikamponyoka. Mzee naye akacheka hadi akaegemea tangi la maji. Muda mrefu tangi lile halikuwa limesikia kicheko, na kama jioni ingeishia hapo ingekuwa jioni njema.

Lakini walikuja kupiga picha. Mzee alijaribu kitasa kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwahi kufundishwa kitu maishani mwake, nao ukakizungusha kama anayefungua bomba. Picha ikaharibika. Akafikiri. Giza likampa moyo, akautoa mkono wa kulia mfukoni, akakishika kitasa. Mama Taa akageuka haraka akawa anazikagua kamba za nguo, moja moja, kwa makini makubwa.

Picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera waliiinamia pamoja. Nyota zote zilikuwamo. Ila hakuna iliyotoka kama nyota. Kila moja ilikuwa mchoro mdogo uliojikunja, ukapanda, ukashuka, ukajikunja tena, na mchoro wa moja ulikuwa sawasawa na mchoro wa nyingine, pindo kwa pindo. Mkono ulikuwa umejiandika mbinguni juu ya kila nyota.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. "Wote wametoka," akasema. "Na mimi nimetoka."

Akaurudisha mkono mfukoni akashuka ngazi. Mama Taa alibaki juu akifungua vifaa peke yake, na machozi yalimtoka pale aliposhindwa kuilegeza skrubu moja ambayo, siku zile, mzee angeilegeza huku akipiga soga.

Asubuhi kila kitu kilikuwa kimerudi kwenye boksi, na darubini ilikuwa imerudi juu ya kabati na ua lake.

"Rudisha hiyo stendi," mzee akasema, mbele ya nusu kikombe cha chai.

Mama Taa aliushika mlango wa jiko. "Kosa si la stendi. Ni langu. Mwenye duka aliniuliza mkono wako ukoje, nikamwambia wa jiwe. Kulikuwa na nyingine, yenye mota, angenipa hiyo."

"Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Kwa sababu ulimpiga picha ya harusi."

Mtu mwingine angeona jibu hilo halina kichwa wala miguu, lakini mzee alilielewa lote. Kijiko kikaanza kugonga kikombe. Mama Taa akaunyoosha mkono kwenye redio.

"Iache," mzee akasema. "Iache hiyo redio. Imenichosha kuliko mkono." Wakakisikiliza kijiko kwa muda. Kisha akasukuma kiti nyuma. "Nitakwenda mwenyewe. Picha zangu sijawahi kumtuma mtu azipeleke."

Mwenye duka alipomwona mzee mlangoni, Mama Taa nyuma yake na stendi, alisahau miwani yote. Alimwamkia mara mbili, akamsifia ile picha, akasema mumewe huitazama kila wakigombana. Kisha akaomba kamera, akaitazama kazi ya Kilimia, na uso wake ukatulia.

"Hapa kuna kitu kimetikisa."

"Upepo," Mama Taa akasema.

"Upepo haukuwapo mama. Hata mimi nilikuwa nje na darubini yangu."

"Basi paka. Jengo letu lina paka."

"Paka angeigonga mara moja akapita. Hiki kimetikisa mwanzo hadi mwisho."

"Huyu ni paka mnene. Hapiti upesi."

"Mama Taa," mzee akasema.

Alilisema kwa sauti ileile ya kwenye harusi, ya kumwambia punguza taa. Mama Taa akapunguza. Mzee akautoa mkono wa kulia mfukoni akauweka juu ya meza ya kioo, katikati ya fremu za miwani zilizopangwa mstari. Fremu iliyo karibu ikaanza kugonga kioo, ti-ti-ti, halafu ya pili, halafu ya tatu.

"Paka ni huyu," akasema.

Mama Taa alitamani sakafu immeze. Lakini mwenye duka hakugeuza uso, wala hakuutumbulia mkono macho. Aliutazama kama alivyotazama macho ya wateja wake siku zote, kwa kutaka kujua kinachofaa.

"Umeanza lini?" akauliza.

"Kabla ya mvua za mwaka jana."

"Vitasa vidogo?"

"Vinanishinda."

"Kuchuchumaa?"

"Kuchuchumaa naweza. Kuinuka ndiyo kesi nyingine."

"Wa kushoto?"

"Mvivu. Lakini mwaminifu."

"Na huu wa kulia hautulii kabisa?"

"Nasikia usingizini hutulia," mzee akasema. "Ndivyo alivyosema daktari. Mimi nitajuaje, nakuwa nimelala."

"Hutulia," Mama Taa akasema. "Mimi huutazama."

Mzee akageuka akamwangalia mkewe. Aliyajua yote waliyofichana mwaka ule, maana mengi aliyaficha yeye, lakini hili hakulijua: kwamba kuna mtu alikuwa akiinuka juu ya kiwiko kuulinda mkono wake ukilala. Akakohoa.

Mwenye duka alikuwa na adabu ya kupotelea kwenye kona yake. Alirudi ameikumbatia ile stendi nzito. "Sasa nisikilize mzee. Nilikosea kukusifia mkono. Kwa hizi picha, mkono bora ni ule usiogusa kabisa. Mimi nikigusa naharibu. Daktari wa upasuaji akigusa anaharibu. Mota inafuata nyota, rimoti inafungua kamera, binadamu anakaa mbali."

"Hata mwenye mkono wa jiwe?"

"Hata huyo. Akae mbali."

Mzee alionekana kama mtu aliyeambiwa kuwa mlango aliokuwa akiusukuma kwa bega, kumbe hufunguka kwa kuvuta. Kisha akasogea karibu, akainama, na swali alilouliza likamfanya Mama Taa afunike mdomo kwa mtandio.

"Inabeba uzito gani?"

Maana hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Tulia mwenyewe, yule wa zamani, anayebishana na kila muuza vifaa. Akataka kujua kama meno ya gia ni ya chuma au ya plastiki. Akataka miguu irefushwe, ili asichuchumae. Akaikubali kamera ndogo ya pembeni, ambayo huchagua nyota moja na kuikodolea, na nyota ikiponyoka kidogo inaiambia mota ijirekebishe. "Huyu mpelelezi nampenda," akasema. Akaukubali mkanda wa kupasha lenzi joto isishike umande. Akaikubali rimoti yenye kitufe kikubwa, ya mkono mvivu lakini mwaminifu. Alipoonyeshwa vioo vya rangi vya kubandika mbele ya lenzi alivisukuma, akasema hivyo ni vya watu waliokosa picha wakatafuta mapambo. Alipoonyeshwa mkoba uliotariziwa nyota aliuliza kama anaonekana muuza peremende.

"Na nani atayapandisha haya kwenye paa?" Mama Taa akauliza, maana mtu asipowaza mgongo wake hakuna atakayemwazia.

"Inafunguka vipande," mwenye duka akasema. "Miguu peke yake, kichwa peke yake, na hili pande la chuma la kusawazisha ni la mwisho."

"Chuma abebe yeye. Mkono ukitetemeka nacho angalau kitamtuliza."

Wakamtazama mzee. Ulikuwa utani wa kwanza kuhusu mkono ule tangu uanze. Mzee akalinyanyua lile pande, akalipima uzito, akasema, "Mwanamke huyu mnamwona. Ndivyo nilivyoishi." Na macho yake yalikuwa yanacheka.

Kabla hawajatoka, mwenye duka alifungua droo akatoa tochi ndogo yenye mwanga mwekundu. "Juu kule taa nyeupe ni mwiko, inaua macho na picha. Hii nyekundu haidhuru. Hii ni ya mshika taa." Mama Taa akaipokea kwa mikono miwili.

Mbingu ilikaa na mawingu kwa jioni kadhaa, nao wakakaa na stendi sebuleni wakiikwepa kama mgeni aliyenyoosha miguu. Ilipofunguka, walipanda mara tu baada ya kula. Mama Taa alimulika kwa tochi nyekundu, mzee akageuza vitasa vikubwa kwa mkono wa kushoto.

"Kiputo cha pimamaji kiko wapi?"

"Kimekimbilia kwako. Rudisha. Rudisha kidogo. Hapo hapo, kimekaa katikati."

"Mpelelezi?"

"Kashaikamata moja, haiachii."

Walifanya kazi hivyo kama walivyofanya siku zote, maneno machache, kila mmoja akiujua mwendo wa mwenzake. Mwisho mzee akarudi nyuma hadi kwenye viti viwili vya plastiki walivyoviweka mbali, Mama Taa akazima tochi akamfuata. Wakaketi.

"Haya, sema," Mama Taa akanong'ona.

"Tulia," mzee akasema, safari hii taratibu, akabonyeza rimoti kwa mkono wa kushoto.

Mota ikaanza kunguruma kwa sauti ya chini sana, kama paka anayelala. Sasa hapakuwa na la kufanya. Kutembea hakuruhusiwi, kugusa hakuruhusiwi, kuwasha taa hakuruhusiwi. Katika maisha yao yote ya kazi hawakuwahi kupiga picha huku wameketi, mikono mitupu. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa nje ya mfuko, kwa kuwa baada ya kubeba chuma alikuwa amesahau kuurudisha. Ulikuwa juu ya goti unatetemeka, na mguu wa kiti ukawa unagonga sakafu kidogo kidogo.

Akautazama. Akamtazama mkewe. Kisha akausogeza, ukavuka nafasi iliyokuwa kati ya viti, akauweka juu ya mkono wa Mama Taa, palepale ulipokuwa ukikaa zamani.

Mama Taa aliufumba ndani ya mikono yake yote miwili. Ulikuwa na joto, na ulipigapiga kama kifaranga. Kiti chake nacho kikaanza kugonga sakafu.

Mzee akashtuka, akataka kuuchomoa. "Niachie. Nitaitikisa picha."

"Picha ina stendi yake," Mama Taa akasema. "Imeshashika nyota zake. Niache na mimi nishike changu."

Mzee akauacha. Wakakaa hivyo, viti vikigonga, mota ikinguruma, Kilimia ikipanda taratibu na darubini ikiifuata.

Kamera ilipofumba jicho walikwenda kutazama. Nyota zilikuwa zimetoka, kila moja kitone kimoja, kikali, hakina mkia. Na kuzizunguka zote kulikuwa na ukungu mwepesi wa buluu ambao macho matupu hayauoni, umetanda kama shela ya bibi harusi upepo ulipoiinua. Mzee aliwahesabu kwa kidole bila kugusa kioo, hadi yule aliyekuwa akijificha nyuma ya mwenzake.

"Wote macho wazi," akasema kwa sauti iliyopasuka kidogo. "Hata huyu mjanja."

"Umepiga moja," Mama Taa akasema. "Twende tukalale basi, bwana wa picha moja."

Mzee hakushuka. Alirudi kwenye kiti chake, akakisogeza karibu na cha mkewe mpaka vikagusana, akaketi.

"Tupige nyingine," akasema. "Ndefu zaidi."

"Kwani hii ina kasoro gani?"

"Haina," akajibu, na kabla hajaigusa rimoti akawa ameshanyoosha mkono wa kulia.